Risasi ina nguvu au kawi?

Juzi nilimsikia jamaa akisifu ‘risasi yenye nguvu’. Nguvu ipi, jamani? Neno ‘risasi’ tumelibebesha mawili: kichwa kinachoruka, na ganda lenye baruti linalobaki. Kawi ni ya kichwa: nusu ya uzito mara mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, kawi huwa mara nne.

Ila hewa huila kasi. Huko Marekani, 6.5 Creedmoor ya 2007 huanza na kawi ndogo kuliko .30-06 ya 1906, kwa baruti kidogo. Lakini kichwa chake chembamba hukata hewa vyema, hivyo pengo hupungua umbali unapozidi.

Mwindaji asipouliza kawi iliyobaki, kulungu hujeruhiwa akafie kichakani.