Mzazi, Unalijua Darasa la Mwanao?

Muhula unapofunguliwa, mazungumzo ya majumbani mwetu huwa ni sare, viatu, vitabu na nauli. Hayo ni ya lazima, nasi hatuyadharau. Lakini mzazi akishamfikisha mtoto langoni mwa shule, aghalabu humwachia mwalimu yaliyobakia, kisha hungojea ripoti ya mwisho wa muhula imwambie kama mwanawe asoma au hasomi.

Wiki hii twazungumza na wazazi wenye watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3, nasi tuna jambo moja la kuwaambia. Katika darasa la leo, mtoto aweza kupanda kutoka gredi hadi gredi bila ya kujua kusoma, na asipatikane wa kumshtua mzazi wake. Mtu wa kuligundua hilo mapema ni mzazi mwenyewe, na njia za kuligundua si ngumu.

DARASA SI LILE LA ZAMANI

Wazazi wengi wa leo walisomea mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Kila muhula ulikwisha kwa mtihani, na mtihani ukaleta alama na nafasi: huyu wa kwanza, yule wa kumi, fulani wa mwisho. Mfumo huo ulikuwa na ukali wake, na watoto wengi uliwavunja moyo. Hata hivyo, mzazi asiyejua kusoma alitazama ile namba akajua mwanawe yuko wapi.

Mtihani wa KCPE wa mwisho ulifanywa mwaka 2023. Mahali pa mfumo huo pameshikwa na mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa kote nchini mwaka 2019 kwa watoto wa chekechea na wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Sasa mtoto hukaa miaka 2 katika chekechea, miaka 6 katika shule ya msingi, miaka 3 katika sekondari ya msingi na miaka 3 katika sekondari ya juu, ndipo aendelee na vyuo.

Mtaala huu hauulizi tu mtoto anajua nini, bali aweza kufanya nini kwa anachokijua. Wataka aweze kuwasiliana na kushirikiana na wenziwe, kufikiri na kutatua matatizo, kubuni, kuwa raia mwema, kutumia vyombo vya kidijitali, kujifunza namna ya kujifunza, na kujiamini. Haya ni makusudio mema, na hayapingani na malezi yetu.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mzazi hana budi kuyafahamu. La kwanza ni kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule kumrudisha mtoto darasa. Hekima yake yaonekana, kwani mtoto anayeachwa nyuma na wenziwe huona haya, na pengine akaikimbia shule kabisa. Maana yake nyingine ni kwamba kupanda gredi si ushahidi wa kujua. Mwanao akiingia Gredi ya 4 mwezi wa Januari, hilo lathibitisha kwamba mwaka umekwisha, wala halithibitishi zaidi ya hapo.

La pili ni wakati. Katika gredi hizi za chini kipindi kimoja ni dakika 30. Chukulia darasa lina watoto 60. Lau mwalimu angemsikiliza kila mtoto mmoja mmoja, bila ya kufundisha lolote jingine, kila mtoto angepata nusu dakika. Basi yule mtoto mpole aketiye nyuma, asiyesumbua mtu, mwenye kuitikia pamoja na wenziwe, aweza kupitisha muhula mzima bila ya sauti yake kusikika peke yake. Si kwamba mwalimu ni mbaya. Hesabu yenyewe haimruhusu.

RIPOTI INA LUGHA YAKE

Ripoti ya siku hizi haitaji nafasi. Hutaja daraja nne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na chini ya matarajio. Wazazi wengi huyasoma maneno haya kwa upole kuliko yalivyokusudiwa. Aonapo "kukaribia matarajio" mzazi husema, "Alhamdulillahi, amekaribia," kisha akaikunja ripoti akaiweka kabatini.

Tuelewane vyema. Mtoto aliyekaribia bado hajafika. Kuna jambo alilotarajiwa kulifanya mwishoni mwa muhula naye hawezi kulifanya peke yake. Likikutikana katika sanaa au michezo, halina haja ya kutia hofu. Likikutikana katika kusoma au katika hesabu, yapasa mzazi aende shuleni kabla ya muhula mpya kushika kasi, aulize: amekaribia nini hasa, na kimebakia nini?

Usiridhike na ripoti pekee. Omba kuonyeshwa madaftari yake na faili la kazi zake. Tazama tarehe. Linganisha ukurasa wa mwanzo wa muhula na wa mwisho. Je, herufi zimenyooka? Sentensi zimerefuka? Makosa yaliyosahihishwa Februari yangalipo Machi? Daftari halina adabu ya kuficha. Humwambia mzazi yote.

KUSOMA NDIKO MLANGO

Kati ya yote yanayofundishwa katika gredi hizi, kusoma ndiko kunakobeba mengine. Katika miaka mitatu ya mwanzo mtoto hujifunza kusoma. Baadaye hutakiwa asome ili ajifunze. Asiyeweza kusoma aya moja kufikia Gredi ya 4, kila somo humfungia mlango: sayansi imeandikwa, maarifa ya jamii yameandikwa, hata hesabu huja kwa maneno. Mtoto wa namna hii hugeuka mtundu au mkimya, nasi tukamwita mvivu.

Hili si jambo la kubuni. Mpango uitwao Uwezo, ulioanza mwaka 2009, uliwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda majumbani mwao, kwa kuwapa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mara kwa mara ilionekana kwamba watoto wengi waliokwishavuka darasa hilo hawawezi kuisoma. Wazazi wao waliwaona wakitoka kila asubuhi na mkoba mgongoni.

Sisi watu wa chuo tunaijua hatari hii. Mtoto aweza kuisoma Juzuu Amma kwa moyo, sauti ikawa nzuri na madhehebu ya matamshi sahihi, lakini umwonyeshapo neno moja katikati ya aya akababaika. Huyo amehifadhi, na kuhifadhi kuna fadhila zake, lakini bado hajui alifu kwa ujiti. Ndiyo maana mwalimu wa chuo wa zamani alimwita kila mtoto mbele yake na ubao wake, akamsikiliza peke yake, asimpe somo jipya mpaka la jana limekaa. Njia hiyo hiyo mzazi aweza kuitumia kwa kitabu cha shule.

Fanya hivi usiku wa leo. Mkalishe mwanao kando yako kwa utulivu, bila ya kumtisha. Fungua kitabu chake cha Kiswahili ukurasa ambao bado hawajafika darasani. Funika picha kwa mkono. Mwambie aanze katikati ya ukurasa, si mwanzo, huku akifuata kila neno kwa kidole. Kisha funga kitabu, umwombe akusimulie alichokisoma kwa maneno yake.

Kidole kikikimbia mbele ya sauti, au sauti mbele ya kidole, mtoto amekariri. Akitamka herufi moja moja bila ya kuziunganisha, yuko katika herufi. Akisoma neno zima lakini sentensi ikamshinda, yuko katika maneno. Akisoma vizuri lakini asiweze kusimulia, anatamka bila ya kuelewa. Kila mmoja wa hawa ana dawa yake, na mwalimu ukimpelekea habari hii kwa uwazi namna hiyo, atajua aanzie wapi.

Twawaambia hasa mama zetu na nyanya zetu ambao hawakubahatika kusoma shule: hata nyinyi mwaweza. Kidole cha mtoto mwakiona, kusita kwake mwakusikia, na hadithi isiyo na kichwa wala miguu mwaitambua. Dakika 10 kila siku baada ya Isha zatosha.

LUGHA YA NYUMBANI, LUGHA YA KITABU

Hapa pwani tuna neema, na ndani yake kuna mtihani mdogo. Kwa sera ya nchi, mtoto wa gredi za chini hufundishwa kwa lugha ya mahali anapoishi, na mijini kwa Kiswahili au Kiingereza. Wetu huja shuleni na Kiswahili chao tayari. Lakini mtoto wa Mombasa nyumbani kwao husema *ndia*, *ndaa* na *mtele*, na wa Lamu husema *mai* na *moya*, ilhali kitabu kinasema njia, njaa, mchele, maji na moja. Mwalimu aliyetoka bara aweza kudhani mtoto amekosea, na mtoto akadhani lugha ya mamake ni makosa.

Mzazi amweleze mwalimu, kwa adabu, kwamba hayo ni maneno ya kwao. Naye mtoto aambiwe kwamba ana maneno mawili kwa kitu kimoja: moja la nyumbani na moja la kitabu, na kila moja lina mahali pake. Mtoto asilazimishwe kuiacha lugha yake ili aonekane amesoma.

MTOTO MMOJA, WALIMU WAWILI

Watoto wetu wana siku ndefu. Asubuhi shule, alasiri chuo, na Jumamosi chuo tena. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, alilitumia gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932 kuwahimiza Waislamu wa pwani wasiipuuze elimu, ya dini na ya dunia. Wito huo ungali na nguvu. Lakini mtoto wa miaka saba ni mmoja, na usingizi wake ni mmoja. Anayelala saa nne usiku akaamshwa alfajiri, darasani atafumba macho, nasi tutalaumu akili yake.

Mtazame pia mwili wake. Mtoto anayesogeza kitabu puani au anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni, huenda haoni vizuri. Anayeulizwa mara tatu ndipo aitike, huenda masikio yamemsumbua. Mpeleke hospitali kabla ya kumkemea. Mwezi wa Ramadhani, mtoto akifunga au akijizoeza kufunga, mwalimu wa darasa ajulishwe, hasa siku za michezo.

Na bakora? Sheria hiyo ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kwa maneno. Mtoto aliyeanza ghafla kulia asubuhi, au kuumwa tumbo kila Jumatatu, aulizwe kwa upole, na asikilizwe mpaka mwisho. Nasi walimu wa vyuo tusijione tuko nje ya adabu hiyo.

MWALIMU AULIZWE NINI?

Wazazi wengi humwendea mwalimu kwa swali moja, "Anaendeleaje?", na jibu huwa moja, "Anaendelea vizuri." Swali pana huzaa jibu pana. Badala yake uliza haya:

1. Mwanangu anaketi wapi, na kwa nini hapo?
2. Mara ya mwisho umemsikia akisoma peke yake ni lini, na alisoma nini?
3. Ni jambo gani moja ambalo bado halimudu, nami nimsaidie vipi nyumbani?
4. Hucheza na nani wakati wa mapumziko?
5. Somo la dini ya Kiislamu hufundishwa na nani, na siku zipi?

Nenda kwa salamu na heshima, na kwanza umshukuru mwalimu kwa kazi yake. Chagua saa asiyokuwa na kipindi. Akikupa jambo la kufanya, lifanye, kisha umrudishie habari. Mwalimu mwenye watoto 60 humkumbuka yule ambaye mzazi wake alirudi.

Kazi za mikono zinazoletwa nyumbani nazo ni za mtoto. Mzazi akikata, akabandika na kupaka rangi yeye, mwalimu atampima mzazi. Tafuta vifaa vya pale pale nyumbani, keti karibu, umwache aharibu na atengeneze.

Tena mjue kwamba shuleni nyinyi si wageni. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi. Mikutano hii aghalabu hujazwa na akina mama peke yao. Baba naye ana miguu, na mtoto hufurahi sana amwonapo babake mlangoni mwa darasa.

Udongo uupate ungali maji. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga, na hatutaweza kujibu kwamba tulilipa karo. Basi kabla ya Ijumaa ijayo, kila nyumba imsikilize mtoto wake mmoja akisoma ukurasa mmoja. Atakayeona kasoro asifiche wala asimpige mtoto. Aende kwa mwalimu, muhula ungali mchanga.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awape walimu wao subira na afya. Amin.