Kuhawilisha Bitimapu

Bitimapu ni picha iliyohifadhiwa kama jedwali la nukta ziitwazo pikseli, kila nukta ikiwa na namba za rangi yake. Maktaba, katika taaluma ya kompyuta, si jengo la vitabu, bali ni mkusanyiko wa programu ndogo zilizo tayari kutumiwa na programu nyingine. Kuhawilisha bitimapu ni kuitoa katika maktaba moja na kuikabidhi nyingine bila maana ya namba zake kupotea.

Umuhimu wake huonekana mkoani Mara. Kuanzia mwaka 2010, mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta kutambua wanyama kwa picha milioni 3.2 za mradi huo.

Picha kama hizo hupita katika maktaba zaidi ya moja. Pillow hupanga rangi kwa mfuatano wa nyekundu, kijani na buluu; OpenCV huanza na buluu na kumalizia na nyekundu. Manyoya ya simba yenye namba 200, 160, 100 yakisomwa kinyume huwa 100, 160, 200: simba wa buluu. Vilevile, Pillow hutaja upana kabla ya kimo, ilhali jedwali la OpenCV hutanguliza kimo.

Hatari ni kwamba kompyuta hailalamiki. Namba zote ni halali, hivyo kazi huendelea na makadirio huharibika kimyakimya. Picha za usiku za mwanga wa infraredi, ambazo ni za kijivu, hazifichui kosa, kwa kuwa namba zake tatu hulingana. Kwa vijiji vya Tarime na Serengeti vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo huingia mashambani, hesabu potofu ya wanyama si jambo dogo. Dawa ni kupanga upya rangi, kwa mfano kwa amri ya cvtColor, kisha kukagua picha moja ya mchana kwa macho.

Matumizi: Kugeuza picha ni kuipindua, juu ikawa chini. Kubadili picha ni kuifanya iwe nyingine. Kuhawilisha ni kuihamisha ikabaki ileile. Ndilo neno lifaalo hapa.