Warioba: Mwanasheria Aliyeipima Serikali Yake

Mkoa wa Mara umezoeleka kuwa chimbuko la wanajeshi, na Jenerali David Musuguri wa Butiama, Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, ni ushahidi tosha. Lakini Bunda, wilaya ya mkoa huohuo, ilimtoa Joseph Sinde Warioba, aliyezaliwa 1940, ambaye silaha yake ilikuwa sheria. Alikuwa Mwanasheria Mkuu, kisha Waziri wa Sheria, na Waziri Mkuu kati ya 1985 na 1990. Hata hivyo, uzito wake ulionekana zaidi baada ya kuondoka madarakani. Mwaka 1996 aliongoza tume iliyochunguza rushwa, na ripoti yake haikuwaonea haya vigogo. Mwaka 2012 alikabidhiwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ambayo rasimu yake ilipendekeza muungano wa serikali tatu.

Wapo watakaosema kwamba alishindwa, kwa kuwa Bunge Maalumu la 2014 liliufuta muundo huo, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Wengine watauliza kwa nini hakuyasema hayo akiwa Waziri Mkuu. Swali hilo ni la haki, ila tume ilibeba maoni ya wananchi, si yake binafsi. Na hoja haifi kwa kushindwa kura: kila mjadala wa katiba mpya nchini bado unarejea rasimu ile. Kiongozi apimwe kwa hoja anazowaachia wananchi, si kwa cheo pekee.