Chumvi Ndiyo Inayopanga Bei ya Paa

Slabu ya paa yenye ukubwa wa mita 10 kwa 10 na unene wa sentimita 15 ina uzito wa takriban tani 36. Kuimwaga ni kazi ya siku moja. Mashine ya zege inanguruma tangu alfajiri, vijana wanapokezana ndoo, na kabla ya magharibi juu pamesawazishwa. Kuiondoa ni habari nyingine kabisa. Tani zote hizo zinapasuliwa kipande kwa kipande huku chini mirunda ikishikilia kisianguke kitu, kisha kifusi kinateremshwa na kutolewa nje. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au kule Lamu ambako gari halipiti, kila kilo hutoka kwa toroli, kwa punda au kwa bega la mtu. Baada ya hapo ndipo gharama ya paa jipya inapoanza kuhesabiwa: meta 15 za ujazo za zege, karibu mifuko 100 ya saruji, nondo zaidi ya tani moja, mbao za fomu, na mafundi wa kuzuia maji.

Ndiyo maana mwenye nyumba wa pwani anayeuliza meta moja ya mraba ni shilingi ngapi hapati jibu la kumsaidia. Mapaa mawili ya ukubwa mmoja, ya mtaa mmoja, yanaweza kupishana sana kwa gharama. La kuuliza kwanza ni hili: chumvi imefika wapi?

Chuma kilichozikwa ndani ya zege zima hakishiki kutu kwa urahisi. Saruji ikichanganyika na maji hutengeneza mazingira ya ualkali mkali, pH ya kati ya 12.5 na 13.5, na katika hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba sana wa oksidi unaoilinda. Adui wa utando huo ni kloridi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chumvi ya bahari. Mawimbi yanapopasuka hurusha vitone vidogo, upepo wa kusi au kaskazi huvichukua, na vikitua juu ya paa maji yake hukauka na chumvi ikabaki. Mvua inayofuata huiyeyusha na kuiingiza kwenye vinyweleo vya zege. Kloridi ikifika kwenye nondo kwa wingi wa kutosha hutoboa utando ule, na kutu huanza. Ubaya wa kloridi ni kwamba haiishi katika kazi hiyo: inabaki palepale ikiendelea kuchochea. Joto letu nalo linaongeza kasi.

Kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilichoizaa. Ndani ya zege nafasi hiyo haipo, kwa hiyo kutu husukuma, kama mzizi wa mtini unavyosukuma ukuta wa gofu. Kwanza hutokea ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo, kisha doa la rangi ya udongo kwenye dari, kisha vipande vinadondoka. Wengi humwita fundi katika hatua hii ya tatu.

Kuna chumvi nyingine ambayo haikuletwa na upepo. Tuliichanganya wenyewe. Kanuni za Ulaya za zege lenye nondo kwa kawaida haziruhusu kloridi ipite asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 200. Mfuko mmoja huchanganywa na maji ya kiasi cha lita 25. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloridi, kwa hiyo anayechanganya zege kwa maji ya bahari anatia gramu 475, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Hata kama maji ya kisima ni nusu tu ya ukali wa bahari, kiwango kimeshapitwa, na hapo bado hatujahesabu mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa. Slabu ya namna hiyo imezaliwa na ugonjwa wake. Hakuna rangi wala lami itakayoutoa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani kila anayejenga pwani alijue. Chumvi inayotoka nje hupenya zege kwa kasi inayopungua kadiri inavyoingia ndani zaidi, na umbali inaoufikia hufuata kipeuo cha pili cha muda. Ukiongeza maradufu unene wa zege linaloifunika nondo, muda wa chumvi kuifikia huongezeka karibu mara nne. Zege likiwa lilelile, nondo iliyofunikwa kwa milimita 20 ikafikiwa baada ya miaka 10, ingefunikwa kwa milimita 40 ingekaa karibu miaka 40. Milimita 20 za nyongeza kwenye meta 100 za mraba ni meta 2 za ujazo za zege, yaani mifuko kama 13 ya saruji, pamoja na biskuti za zege za kuinulia nondo zisilale kwenye fomu. Mhandisi lazima auhesabu uzito huo, lakini kwa pesa ni kitu kidogo mno ukilinganisha na tani 36 za kifusi. Bado katika saiti nyingi nondo zinakanyagwa wakati wa kumwaga mpaka zinagusa mbao, na hakuna anayezinyanyua.

Mwaka 1984 mtaalamu wa zege aitwaye de Sitter aliupa uzembe huu hesabu ambayo wahandisi wa zege huiita sheria ya mara tano. Shilingi 1 iliyotumiwa vizuri katika mchoro na ujenzi ni sawa na shilingi 5 za matunzo kabla kutu haijaanza, shilingi 25 kutu ikishaanza sehemu chache, na shilingi 125 ikishaenea. Si kipimo cha maabara, ni makadirio. Lakini yeyote aliyewahi kulipia slabu iliyooza ataona mwelekeo wake ni wa kweli.

Paa bapa lenyewe si geni pwani. Nyumba za mawe za Lamu zilipauliwa hivyo kwa karne nyingi: boriti za mikoko juu ya kuta, mawe ya matumbawe juu ya boriti, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto lililopigwa na kushindiliwa mpaka likashikana. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na vyumba vikawa vyembamba. Paa lile halikuwa na chuma, kwa hiyo chumvi haikupata nondo ya kula. Adui yake alikuwa maji. Muscat, mji mkuu wa Oman ambako nako mapaa bapa ni ya kawaida, hupata mvua ya kiasi cha milimita 100 kwa mwaka, na Unguja karibu 1,500. Paa lililotosha Oman lilielemewa na masika ya huku, na ndiyo maana leo ukiutazama Mji Mkongwe kutoka juu unaona mabati yaliyoezekwa juu ya sakafu za zamani. Kosa kubwa zaidi lilikuja na saruji. Chokaa hunyonya unyevu kidogo na kuutoa jua likiwaka. Ukiipaka saruji juu, saruji hupasuka, maji hupita kwenye nyufa, hayapati pa kutokea, na boriti zinaoza bila kuonekana.

Maji yaliyosimama huliharibu paa la kisasa pia. Mkondo ukizibwa na majani, kina cha sentimita 10 kwenye meta 100 za mraba ni tani 10 za mzigo, na chumvi yote iliyokauka hapo inapata muda wa kuzama. Mwinamo wa kuchorwa uwe sentimita 2.5 kwa kila mita, ili hata mikono ya fundi ikikosea kidogo maji yaondoke. Jua nalo lisipuuzwe: slabu ya mita 10 ikipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka milimita 3, kisha mvua ya ghafla huirudisha. Ndiyo maana shiti za lami huachia kwanza pale paa linapokutana na ukingo. Paa lililopakwa rangi nyeupe hupata joto dogo zaidi.

Je, kuziba viraka kunatosha? Kama chumvi imeenea, hapana. Nondo iliyo ndani ya kiraka kipya na ile ya zege la zamani pembeni yake zinakuwa ncha mbili za betri, na kutu inahamia pembeni ya kiraka kwa kasi kubwa kuliko awali. Baada ya misimu michache mwenye nyumba anamlaumu fundi, ilhali kazi ilikosewa kabla fundi hajafika.

Kama slabu ni nzima na tatizo ni kuvuja tu, kuezeka mabati ya alumini juu yake ni ufumbuzi mwepesi na wa bei nafuu kwa pwani, mradi kenchi zifungwe imara dhidi ya upepo na misumari isiwe ya chuma kitupu. Kama slabu imeoza, mabati yanaficha tu hatari inayoning'inia juu ya vitanda.

Kwa hiyo usikubali kuvunja wala kuziba kabla paa halijapimwa. Ligongwe kwa nyundo lote, sehemu inayotoa sauti ya uwazi iwekewe alama, kisha litobolewe na vumbi la kila kina lipelekwe maabara kupimwa kloridi. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo sana mbele ya gharama ya kubomoa. Kifanyike mapema, ili kazi yenyewe iangukie Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamepita na vuli haijaingia.