Moyo wa Mtoto wa Kulea: Nasaba Isifichwe



Kila sifa njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wiki hii tunalizungumza jambo ambalo nyumba nyingi hulinyamazia: ulezi wa mtoto asiyekuwa wa damu yetu, tena mtoto mwenye maradhi ya moyo.

Wako walezi wenye nia njema wamfichao mtoto asili yake na kumpa jina lao, wakidhani huko ndiko kumpenda. Dini yetu imekwisha kulikata jambo hili tangu Madina. Zayd bin Haritha (r.a.) alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad; ziliposhuka Aya za Suratul Ahzab akarejeshewa jina la baba yake, wala mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Wengi wetu huisoma hukumu hii kuwa ni habari ya mirathi na maharimu tu. Lakini ina faida nyingine, nayo tuliiona kwa macho huko Merigi.

Merigi ni kata ya Kaunti ya Bomet, nchi ya chai na baridi, mbali na bahari yetu. Huko yuko ndugu yetu wa Pwani, mfanyabiashara, pamoja na mkewe na watoto wao. Miaka mitano iliyopita jirani yao, Mwislamu mwenzao, alifariki baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mumewe alikuwa amemtangulia kwa miezi michache. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa na mtoto wake wa kunyonya, akampokea na yule yatima. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, manyonyesho matano kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili humfanya kuwa mwana wa kunyonya. Kwa hivyo binti yule akawa maharimu wa bwana wa nyumba na wa wanawe.

Kunyonya huko ndiko kulikofichua ugonjwa. Mtoto wa nyumba alinyonya akashiba akalala. Yatima alivuta mara chache, akatweta, jasho likamtoka katika paji la uso, akaacha kabla ya kushiba. Uzito haukuongezeka, na nimonia ilimrudia mara kwa mara. Zahanati moja iliwaambia ni baridi ya milimani. Hawakutosheka, wakaenda hospitali ya rufaa. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha tundu katika ukuta utenganishao vyumba viwili vya chini vya moyo. Matundu madogo huweza kujiziba yenyewe; tundu kubwa huisukuma damu kwa wingi mapafuni, na likiachwa muda mrefu huiharibu mishipa ya mapafu hata upasuaji usifae tena. La mtoto huyu lilikuwa kubwa.

Kabla ya upasuaji madaktari waliuliza mambo mawili. Kwanza, ni nani mwenye haki ya kutia saini? Pili, katika ukoo wa mtoto yuko mwenye maradhi ya moyo, au aliyewahi kudhurika kwa dawa za usingizi?

Mlezi yule alijua kwamba jibu la pili liko kwa ami wa mtoto. Alitwambia alikaa siku mbili bila kusema, kisha akamwambia mumewe: “Tukimwita ami yake, atamchukua.” Mumewe akamjibu: “Bi, huyu ni amana. Hatuwezi kumpeleka kwenye kisu kwa jibu la uongo.”

Ami akaitwa, akaja. Akaeleza kwamba shangazi wa mtoto aliwahi kunusurika kufa kwa dawa za usingizi alipopasuliwa. Madaktari walipoisikia habari hiyo walibadili matayarisho yao. Lau walezi wangalisema mtoto ni wao wa kuzaa, wangalijibu kwa ukoo usiokuwa wake. Ama kumchukua, ami alisema: “Dada, mtoto ana kwao hapa. Mimi nitakuwa nikija kumwona.” Alhamdulillahi, tundu limezibwa, na binti anaanza kusoma alifu na be.

Basi tunawausia wasomaji wetu. Anayemlea yatima aandikishe ulezi wake mapema, kabla ya maradhi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala katika kifungu cha 20. Zanzibar imeiweka katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2011, na Kenya katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Nendeni kwa afisa wa watoto na kwa Kadhi, mjue njia yake. Karatasi hizo zitahitajika pia mtakapomwandikisha mtoto katika bima ya SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Tena, kwa kuwa hatarithi, mwandikieni wasia usiozidi thuluthi.

Kichanga akitweta au akitoka jasho anaponyonya, au midomo ikiwa ya buluu, msingoje. Upasuaji wa moyo hufanywa humu nchini: Tenwek, hospitali ya wamishonari iliyoanzishwa mwaka 1937 huko huko Bomet, ni mojawapo, na Mater ya Nairobi pia. Na baada ya upasuaji, safisheni meno ya mtoto kila siku, kwani vijidudu vya ufizi huweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo. Mswaki wa Sunna unamhusu mtoto huyu kuliko wengine.

Mtoto akiuliza yeye ni wa nani, aambiwe kweli kwa upole, kidogo kidogo kwa kadiri ya umri wake. Mlezi wa Merigi humwambia wake: “Baba yako ni fulani, Allah amrehemu, nami ndimi niliyekunyonyesha.” Binti husikia, kisha huenda kucheza.

Mola awape shifaa watoto wote wenye maradhi, na awape walezi wao subira na moyo wa kusema kweli. Amin.