Meza Isiyopitisha Sauti: Tulivyojifunza Kuitumia Katika Chumba Chetu cha Kurekodia



Wengi wenu mmekuwa mkisikia vipindi vya chama redioni: mafunzo juu ya mkataba wa pamoja, mazungumzo na wawakilishi wa wafanyakazi, na masimulizi ya wazee waliochuma chai kwa mikono kabla ya mashine kuingia mashambani. Vipindi hivyo hurekodiwa na wafanyakazi wenyewe, jioni baada ya kazi, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya tawi letu hapa Kericho. Ukutani tumetundika mablanketi ili sauti isirudi. Tuna kompyuta moja, maikrofoni nne, na kisanduku cha sauti kinachozipeleka maikrofoni hizo kwenye kompyuta.

Leo twapenda kuwaeleza habari za chombo kipya kilichoingia chumbani humo, kosa tulilolifanya nacho, na jinsi tulivyojirekebisha.

KWA NINI TULIKINUNUA

Zamani tulisawazisha sauti kwa kipanya cha kompyuta. Kipanya hushika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Watu wanne wakizungumza, mmoja akipaza sauti na mwingine akinong'ona, mkono mmoja hauwatoshi. Kwa hiyo tulichanga fedha tukanunua meza ya kuongozea. Ina vishikio vinane vya kupandisha na kushusha, kimoja kwa kila mstari wa sauti, na cha tisa cha kuongoza sauti zote pamoja. Ndani ya kila kishikio mna mota ndogo: ukibadilisha jambo kwenye kompyuta, kishikio chenyewe hupanda au kushuka bila kuguswa. Siku ya kwanza wenzetu walikusanyika kukitazama kama watoto.

KOSA LETU

Tulipoifungua meza tulitafuta tundu la kuchomeka maikrofoni. Halikuwepo. Hapo ndipo ilipotupasa kusimama na kuuliza. Sisi tuliona vishikio tu, tukadhani ni miksa kama ile ya kanisani au ya bendi.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja mstaafu, aliyechuma chai kwa zaidi ya miaka 30. Alisafiri tangu alfajiri. Alianza kwa sauti ya chini, nasi tukaongeza nguvu ya maikrofoni kwenye kisanduku. Kisha akafika kwenye habari ya mwanawe aliyezaliwa msimu wa mavuno, akapaza sauti. Taa ikawa nyekundu. Mwenzetu aliyekaa mezani alivuta kishikio chini upesi, na masikioni mwetu sauti ikapungua. Tukashukuru.

Usiku tuliposikiliza, sauti ilikuwa ikikwaruza kama mabati wakati wa mvua ya mawe. Kishikio kilikuwa kimepunguza kile tulichokisikia sisi, si kile kilichokuwa kikiingia na kuhifadhiwa. Ndugu zetu wa kiwandani watatuelewa: majani yakiungua kwenye kikaushio, hayaponi kwa kupunguzwa wakati wa kuyapakia.

Ilitupasa kumweleza mama yule ukweli. Hakutukasirikia. Tulichanga nauli, akarudi, akasimulia tena. Lakini mambo mawili aliyoyasema mara ya kwanza hakuyarudia, nasi hatukuthubutu kumwomba.

MEZA HUBEBA AMRI

Basi jambo la kwanza la kushika ni hili: meza ya kuongozea haipitishi sauti hata kidogo. Sauti hutoka kwenye maikrofoni, hupita kwenye kisanduku, huingia kwenye kompyuta. Meza hupeleka amri tu: pandisha mstari wa tatu, anza, simama, rekodi.

Amri hizo husafiri kwa lugha iitwayo MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Makampuni ya Marekani na Japani yaliyokuwa yakishindana kuuza vinanda vya umeme yalikubaliana juu ya lugha moja ili vyombo vyao vielewane. Hata wenye kushindana hukaa chini wakapatana pale wanapoona faida ya wote. Juu ya MIDI zimejengwa taratibu za meza zenyewe. Mbili zijulikanazo sana ni HUI, iliyotoka mwaka 1997, na Mackie Control iliyofuata baadaye.

HATUA TUNAZOZIFUATA

Sisi twatumia programu iitwayo REAPER. Programu nyingine hutofautiana kidogo, lakini mpango ni uleule.

Kwanza, unganisha meza kwa waya wa USB na uiwashe kabla ya kufungua programu. Programu ikifunguliwa kwanza, huenda isiione meza.

Pili, hakikisha meza na programu zinasema lugha moja. Meza ikiwa kwenye HUI na programu ikingojea Mackie Control, vitufe vitafanya mambo ya ajabu au visifanye lolote.

Tatu, fungua mipangilio ya programu, sehemu ya vyombo vya kuongozea, uongeze Mackie Control Universal. Hapo utaulizwa njia mbili: ya kuingia na ya kutoka. Chagua meza yako katika zote mbili. Sisi tulisahau ya kutoka. Meza iliiamuru kompyuta vizuri, lakini vishikio havikusogea vyenyewe na majina hayakuonekana kwenye vioo vidogo. Tulidhani tumeuziwa mbovu, kumbe ilikuwa haipewi majibu.

Nne, jaribu. Sukuma kishikio cha kwanza na utazame kioo cha kompyuta. Kisha sogeza kwa kipanya na utazame meza. Zikifuatana pande zote mbili, kazi imekamilika.

Tano, andika jina la kila msemaji kwenye mstari wake. Vishikio ni vinane tu. Mistari ikizidi, kuna vitufe vya kuhamia kundi linalofuata, kuanzia wa tisa. Asiyetazama majina atamshusha mtu asiyehusika.

Sita, na hii ndiyo iliyotugharimu: kabla ya kurekodi, mwombe msemaji aseme kwa sauti yake kubwa kabisa. Rekebisha kifundo kilichoko kwenye kisanduku cha sauti hadi vilele vicheze karibu na -12 kwenye kipimo cha desibeli. Kisifike 0 kamwe. Kishikio cha meza kina kazi yake baada ya kurekodi, wakati wa kusawazisha.

Katika kusawazisha, programu inaweza kukumbuka mwendo wa mkono wako. Kuna namna ya kuandika mfululizo, ambayo hufuta yote ya zamani, na namna ya kuandika pale tu kidole kinapogusa kishikio. Anayeanza atumie hii ya pili, na akimaliza airudishe programu kwenye hali ya kusoma tu. Mwenzetu mmoja alisahau akapoteza kazi ya jioni nzima.

MAARIFA YASIKAE KWA MTU MMOJA

Awali ni kijana mmoja tu aliyejua kuunganisha meza. Alipohamishiwa zamu ya usiku, chumba kilifungwa majuma matatu, na kipindi juu ya malipo ya saa za ziada hakikutoka kwa wakati. Hatukumlaumu yeye. Tulijilaumu wenyewe.

Sasa hatua hizi sita zimeandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Watu watano wanaweza kuzifuata. Wawili kati yao ni wachumaji wa chai ambao hawakuwahi kushika kompyuta kabla ya hapo. Kila mwezi meza hufunguliwa nyaya zote, na asiyejua huziunganisha upya, anayejua akikaa nyuma na mikono yake mifukoni.

Tawi lolote linalokusudia kununua chombo kama hiki, twawasihi mtutumie watu wawili waje wajifunze, wala si mmoja. Waje na maikrofoni yao, na waje na mzee wa kusimulia.