2,147,483,647: Namba inayoweza kuirudisha simu ya zamani mwaka 1901

Jumanne ya Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki, baadhi ya mashine zitaishiwa namba. Sekunde moja baadaye, kama hazijarekebishwa, zitaamini ni Desemba 1901.

Chanzo ni namba moja tu: 2,147,483,647.

Kompyuta huandika kila kitu kwa 0 na 1, na kila nafasi huitwa biti. Kwenye hesabu ya biti 32, biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Zote zikijaa 1, umefika kwenye namba hiyo.

Ukiongeza 1 hapo, ile biti ya alama inageuka na unapata hasi 2,147,483,648. Ni kama mita ya kilomita ya gari kuukuu inayojaa na kuanza upya, ila hii haiishii sifuri, inaporomoka hadi chini kabisa.

Sasa, mifumo mingi hujua saa kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 ndiyo hiyo asubuhi ya 2038.

YouTube walishakutana na ukuta huu. Mwaka 2014 video ya Gangnam Style ya PSY ilikaribia kutazamwa mara nyingi kuliko kaunta yao ilivyoweza kuhesabu, wakalazimika kuhamia biti 64.

Kwa wanahisabati, namba hii ilikuwa maarufu zamani sana kabla ya kompyuta. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine zaidi ya 1 na yenyewe. Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, akiwa karibu haoni kabisa. Kujaribu kila namba tasa hadi 46,340 kungemaanisha kugawanya mara zaidi ya 4,000. Euler alionyesha kwamba kigawanyo chochote, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Zikabaki namba chini ya 100 za kujaribu. Si mchezo!

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba pengine haitapatikana namba kamilifu (perfect number) kubwa kuliko ile inayotokana na namba tasa hii. Alikosea vibaya: namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320.

Je, simu yako iko salama? Simu janja nyingi za sasa ni za biti 64, na hesabu yake ya sekunde inatosha kwa takriban miaka bilioni 292. Wasiwasi uko kwa simu za zamani na vifaa vinavyofungwa mahali na kusahaulika miaka mingi bila kusasishwa.

Na si lazima kusubiri 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 ukichukuliwa leo, tarehe yake ya mwisho inavuka mwaka huo, na programu ya kuukokotoa inatakiwa kuijua tarehe hiyo sasa hivi.